Nani Anakuuliza Usiku? Uraibu, Kupona na Kiti cha Uongozi

Joto likizidi mjini, Kisumu hupanda Milimani. Huku miti ni mikubwa, nyua zina nafasi, na jioni upepo wa ziwa hufika hadi barazani mwa nyumba zilizojengwa enzi za mkoloni. Ikulu Ndogo iko huku. Lakini ukipanda boda, robo saa tu unafika Obunga, ambako akina mama hukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakwenda viwandani, na ambako nyuma ya nyumba pipa la kangara huchemka. Molasi au sukari guru huchanganywa na maji na kuachwa ichachuke kwa siku kadhaa. Kisha pipa hutiwa moto wa kuni, karai la maji baridi huwekwa juu yake, na mvuke ukigonga tako la karai hudondoka ukiwa chang'aa. Milimani hunywa kutoka chupa yenye stempu ya ushuru, Obunga hunywa kutoka kikombe cha plastiki. Ugonjwa unaozaliwa ni ule ule.

Jioni moja nilikaa katika chumba cha nyuma cha jengo moja hapa Milimani pamoja na watu wanane waliokuwa wakijaribu kuishi bila pombe. Viti vya plastiki, chai ya rangi ndani ya chupa kubwa, mandazi yaliyofunikwa kwa gazeti. Mmoja wao, mzee ambaye wenzake walimwita jaduong', aliwahi kuwa diwani siku za mabaraza ya zamani, kabla ya ugatuzi. Jina lake na wadi yake ninavihifadhi. Alikuwa amemaliza miaka minne bila tone, na ukoo wake ulikuwa umeanza kumsukuma agombee tena. "Kura siziogopi," alituambia. "Ninaogopa matanga. Mgombea hukesha kwenye matanga matatu kwa usiku mmoja, na kila boma kuna mtu anakungoja na glasi."

Saa tatu kamili simu yake ililia kengele. Aliinuka, akatoka nje, akapiga simu isiyofika dakika moja, akarudi kuketi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wenzake walijua ni nini. Nitairudia simu hiyo, kwa sababu swali zima linakaa ndani yake: je, mtu aliyekuwa mraibu anafaa kukabidhiwa madaraka ya umma? Na kama anafaa, tutajuaje?

Mambo matatu tunayoyachanganya

Mjadala huu huharibika mapema kwa sababu tunachanganya mambo matatu: kunywa, kuwa mraibu, na kuwa mraibu anayepona.

Anayekunywa ni mtu wa kawaida. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa Mkenya mmoja kati ya wanane, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia pombe, na mmoja kati ya sita anatumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya. Tukisema kila anayekunywa asigombee, tutakuwa tumefunga mlango kwa mamilioni ya watu wasio na kosa lolote.

Mraibu ni mtu mwingine. Amepoteza uwezo wa kuamua lini aanze na lini aache, ingawa anaona nyumba ikibomoka. Mwili wake umezoea kileo hivi kwamba kukiacha ghafla bila uangalizi wa daktari kunaweza kumletea kifafa, hata kumuua. Mtu huyo akipewa bajeti ya kaunti, tatizo halihusu adabu zake. Uamuzi wa maji, dawa na barabara umewekwa mikononi mwa mtu ambaye mikono yake ina bwana mwingine.

Anayepona ni mtu wa tatu, naye ndiye tunayemwonea zaidi. Ametibiwa, anajua anachokikimbia, na amejenga maisha ya kumlinda. Siasa zetu humweka kapu moja na mraibu wa leo. Jukwaani anaitwa mlevi, na neno hilo halina wakati uliopita. Akiwa mwanamke, mambo huwa mabaya zaidi. Mwanamume mlevi huchekwa na kusamehewa, lakini mwanamke aliyelewa mara moja hukumbushwa hata kwenye harusi ya bintiye.

Matokeo yake ni kwamba anayepona hunyamaza, na mraibu wa leo hunyamaza zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika siasa, kilio hicho huwa cha watu wote.

Sheria yenye milango miwili

Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mengi kwa viongozi. Ibara ya 73 inasema wachaguliwe kwa misingi ya uadilifu, uwezo na kufaa. Ibara ya 75 inamtaka ofisa wa serikali, hata katika maisha yake ya faragha, aepuke kuidhalilisha ofisi anayoishika. Hata hivyo, ukitafuta uraibu humo hutauona ukitajwa. Utapata milango miwili tu ya kumtolea kiongozi mgonjwa.

Mlango wa kwanza ni akili. Ibara ya 99 inamzuia mtu asiye na akili timamu kuchaguliwa kuwa mbunge au seneta, na Ibara ya 193 inamzuia kuwa mwakilishi wadi. Kwa Rais, Ibara ya 144 imepanga njia ndefu: robo ya wabunge waunge mkono hoja ya kumchunguza, wengi waipitishe, kisha Jaji Mkuu aunde jopo la watu watano, watatu kati yao wakiwa madaktari, nalo litoe ripoti ndani ya siku 14. Gavana naye anaweza kuondolewa chini ya Ibara ya 181 kwa kukosa uwezo wa kimwili au kiakili wa kufanya kazi yake.

Mlango wa pili ni mwenendo. Kiongozi akivunja Katiba, akitumia ofisi vibaya au akifanya utovu mkubwa wa nidhamu, anang'olewa.

Hatari iko pale milango hii inapokutana na sheria nyingine. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inamhesabu mtu aliyepimwa na kukutwa na uraibu wa pombe au dawa miongoni mwa watu wenye ugonjwa wa akili. Nia ilikuwa njema, kwa maana iliwapa waraibu haki ya kutibiwa kama wagonjwa wengine. Lakini mwanasiasa anayejua moyoni kwamba ni mraibu atasoma sheria hiyo kwa jicho jingine. Ataona kwamba siku atakapokubali kupimwa, mpinzani wake anaweza kukimbilia mahakamani akidai kuwa huyu hana akili timamu. Si lazima mahakama ikubali. Kuna tofauti kubwa kati ya ugonjwa wa akili na kutokuwa na akili timamu, na Ibara ya 27 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali ya afya yake. Lakini kesi yenyewe, hata ikishindwa, inatosha kummaliza mgombea wiki tatu kabla ya kura. Kwa hiyo yeye hufanya hesabu rahisi: asipopimwa, hana ugonjwa.

Ndivyo sheria iliyokusudia kuwafikisha watu hospitalini inavyoweza kumfukuzia kiongozi gizani.

Mtoto wa Kogelo

Pwani hii ya ziwa ina historia inayopaswa kusomwa kila tunapojadili jambo hili. Barack Obama, baba yake rais wa 44 wa Marekani, alikulia Nyang'oma Kogelo, Siaya, akasoma Maseno, kisha akaenda Hawaii mwaka 1959 na baadaye Harvard. Alirudi nyumbani akiwa miongoni mwa wachumi wachache Waafrika wenye elimu ya kiwango hicho. Julai 1965 alichapisha katika jarida la East Africa Journal makala ya kuukosoa mpango rasmi wa uchumi wa serikali, ule Waraka Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Aliuliza nani hasa atamiliki uchumi wa nchi iliyotoka kupata uhuru. Hadi leo swali hilo halijazeeka.

Lakini huyu huyu alijulikana katika baa za Nairobi kwa jina la "Double-Double", kwa kuwa aliagiza wiski mbili mbili. Aligonga magari, akavunjika miguu, akapoteza kazi. Julai 1969 Tom Mboya, rafiki na mlezi wake wa kisiasa, aliuawa katikati ya Nairobi, na Obama akatoa ushahidi katika kesi ya mauaji hayo. Baadaye milango ya serikali ilifungwa mmoja baada ya mwingine, ikafunguliwa kidogo katika miaka yake ya mwisho alipokuwa mchumi wa Wizara ya Fedha. Novemba 1982 alikufa katika ajali ya gari Nairobi.

Watu wa Nyanza wamebishana kwa miaka mingi: je, ni siasa zilizomvunja, au ni chupa? Ninaamini kubishana hivyo ndiko kunakotupotosha. Siasa zilimnyima kazi, na chupa ikawapa maadui zake sababu nzuri ya kumnyima. Mtu mwenye ukweli mchungu wa kuiambia serikali, akiwa pia mlevi, hurahisisha kazi ya wasiotaka kumsikia. Ofisi za siku hizo zilijua njia mbili tu za kumshughulikia mlevi mwenye akili nyingi: kumvumilia kwa sababu ya akili zake, halafu kumfukuza kwa sababu ya pombe yake. Taifa lilihitaji njia ya katikati, ya kumwambia: nenda ukatibiwe, kiti chako kinakungoja, lakini ukirudi tutakufuatilia. Kenya ilipoteza mchumi, na haikuhesabu hasara hiyo popote.

Mwanawe alifuata njia nyingine. Mwaka 1995, kabla hajagombea cheo chochote, alichapisha kumbukumbu zake, akaeleza kuwa ujanani alivuta bangi na kujaribu kokeini. Hakuwa mraibu wa vitu hivyo, na haifai kumwita hivyo. Jambo la kujifunza ni mpangilio wa wakati: alisema mapema, kwa maneno yake mwenyewe, wakati hakuna aliyekuwa akimtafuta. Alipogombea urais mwaka 2008 hapakuwa na cha kufichua. Sigara ndiyo iliyomsumbua muda mrefu zaidi, na hata akiwa Ikulu ya Washington watu walijua kuwa bado anapambana nayo.

Hapa Kisumu tuna mfano wetu wa kusema mapema, ingawa ni wa ugonjwa mwingine. Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, wakati huo Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza hadharani kuwa ana saratani ya tezi dume, akaenda kutibiwa Marekani, akarudi kazini. Mwaka 2013 watu wa Kisumu walimchagua seneta, mwaka 2017 gavana, na mwaka 2022 wakamrudisha. Wapiga kura hao hao tunaoambiwa hawawezi kuvumilia udhaifu wa kiongozi walimpigia kura mtu waliyejua ameugua ugonjwa wa kuogofya, tena wa sehemu ambayo wanaume hawapendi kuitaja. Hatukumwona dhaifu. Basi tofauti ya saratani na uraibu machoni petu ni aibu, na aibu hufundishwa. Kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya.

Uganda imetupa mfano wa karibu na mada. Robert Kyagulanyi, tunayemjua kama Bobi Wine, hakuficha kuwa aliwahi kuvuta bangi na kwamba aliacha. Wapinzani wake waliligeuza hilo kuwa fimbo, na matokeo rasmi ya uchaguzi wa urais wa Januari 2021 bado yalimpa karibu asilimia 35 ya kura. Tanzania inatuonyesha upande wa pili wa fimbo hiyo. Februari 2017 Paul Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza hadharani orodha za watu aliotaka wahojiwe na polisi kuhusu dawa za kulevya, na Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, akiwamo. Chombo chochote cha kupima ulevi wa viongozi kikikaa mkononi mwa mtawala, mpinzani ndiye atakayepimwa kwanza.

Walioanguka na walioinuka ugenini

Nchi nyingine zimeshalipa karo ya somo hili. Charles Kennedy aliongoza chama cha Liberal Democrats cha Uingereza kuanzia 1999. Alipinga vita vya Iraq wakati vyama vyote viwili vikubwa vilikuwa vinaviunga mkono, na mwaka 2005 chama chake kikapata viti 62. Kwa miaka mingi wenzake walijua anakunywa kupita kiasi, wakamfunika. Januari 2006 alikiri hadharani, na siku mbili baadaye akajiuzulu. Alikufa mwaka 2015 akiwa na miaka 55. Waliomfunika walidhani wanamlinda. Walichokuwa wakikilinda ni ugonjwa.

Toronto, Kanada, meya Rob Ford alikiri mwaka 2013 kuwa amevuta kokeini. Baraza la jiji liligundua kwamba halina sheria ya kumwondoa wala ya kumpumzisha, likabaki kumnyang'anya madaraka kipande kwa kipande huku dunia nzima ikitazama. Jiji lisilo na mlango wa katikati huishia kubomoa ukuta.

Ninayempenda zaidi ni Harold Hughes wa Iowa, Marekani. Alikuwa dereva wa lori na mlevi wa kupindukia, akaacha, akachaguliwa gavana. Alipotetea kiti mwaka 1964, mpinzani wake alifichua kwamba miaka kumi nyuma alikuwa ameteleza akanywa tena. Hughes hakupindapinda. Alikubali kuwa ni kweli, na kwamba yeye ni mlevi atakayeendelea kupona hadi kufa. Alishinda kwa kura nyingi. Akiwa seneta, mwaka 1970, alisukuma sheria iliyoifanya serikali ya Marekani igharimie utafiti na matibabu ya ulevi. Pengine asingeugua, sheria hiyo isingepata msukumaji. Aliyepona huleta ofisini ujuzi ambao haupatikani katika shahada yoyote: anajua mtu huanguka vipi, na msaada gani ulimfikia na upi ulimpita.

Kosa kurudia kosa?

Mpiga kura mwenye busara atauliza: akirudia je? Swali hilo ni halali kabisa. Tuna hata methali tunayoitumia kama nyundo: kutenda kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Kwa wezi wa mali ya umma, nyundo hiyo ipigwe. Kwa uraibu, madaktari wanatuambia hadithi tofauti. Kati ya watu 40 na 60 katika kila mia wanaotibiwa uraibu huteleza wakati fulani, kiwango kisicho mbali na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu wanaoacha kufuata masharti na kuzidiwa tena. Hakuna anayemwambia mwenye shinikizo la damu kuwa ni mtu mbaya kwa sababu dawa zilimwishia akarudi wodini.

Lakini takwimu hizo pia hazitupi ruhusa ya kujidanganya. Kuteleza kwa fundi viatu kunamuumiza yeye na watu wake, kuteleza kwa gavana kunaumiza kaunti. Ndiyo maana ni vizuri kutazama kazi nyingine ambazo makosa yake huua. Marekani, watafiti walifuatilia madaktari zaidi ya 900 waliokuwa na uraibu na kuingizwa katika mipango maalumu ya uangalizi ya majimbo 16. Baada ya miaka mitano, takriban wanane kati ya kila kumi walikuwa na leseni zao na wanafanya kazi. Marubani nao wana mpango wa aina hiyo tangu miaka ya 1970.

Siri ya mafanikio hayo si kwamba madaktari na marubani ni watu bora kuliko wewe na mimi. Walipimwa mkojo mara kwa mara bila kuarifiwa mapema, walihudhuria vikao, walikuwa na msimamizi anayejua jina lao, na walijua kuwa wakidanganya watapoteza kazi waipendayo. Walipewa matumaini na mipaka kwa pamoja. Mwanasiasa wetu hupewa kinyume chake: hana matumaini ya kurudi akikiri, wala mtu wa kumwekea mipaka akinyamaza. Anayemzunguka humtegemea kwa mkate, na hakuna msaidizi atakayemwambia mheshimiwa, leo umelewa, usiingie kikaoni.

Kazi yenyewe inanywesha

Yule mzee wa chumba cha nyuma aliliona jambo ambalo wachambuzi huliruka. Kazi ya siasa hapa kwetu imejengwa juu ya kileo. Msiba ni jukwaa, na disko matanga ni mkutano wa kampeni. Mwanasiasa akishuka garini, vijana humzunguka: "Mheshimiwa, tuachie ya kutoa loki." Loki ni hali ya asubuhi ya mnywaji: mikono inatetemeka, tumbo limekaza, kichwa kinagonga, na tiba anayoijua ni kikombe kingine. Mgombea anapotoa ile mia mbili, amenunua mtetemeko wa mtu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza hongo kwa mpiga kura, na hongo hii ni mbaya kuliko ya unga, kwa sababu unga humshibisha mtu, nayo loki humrudisha kwako kesho akiwa na kiu zaidi.

Tena, serikali zetu zina mkono katika pipa. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti utoaji wa leseni za vileo, na jedwali hilo hilo likazikabidhi udhibiti wa dawa za kulevya. Anayekusanya ada ya baa ndiye anayetakiwa kuwalinda watu dhidi yake. Mwaka 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa, kilifunguliwa tena kwa uwekezaji wa shilingi bilioni 15 ili kutengeneza bia ya kegi ya mtama. Wakulima wa mtama walipata soko, vijana wakapata kazi, na hoja ya kwamba kegi humtoa mnywaji kwenye chang'aa yenye sumu si ya kupuuza. Tunakumbuka Novemba 2000, pombe yenye methanoli ilipoua watu zaidi ya mia moja katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Faida hizo ni za kweli, na deni lake ni la kweli pia: kila shilingi ya leseni inabeba mgonjwa fulani nyuma yake, na mgonjwa huyo hana kitanda.

Kwa hiyo tunapouliza kama mraibu anafaa kuwa kiongozi, tukiri kwamba tumezifanya siasa kuwa mahali ambapo mtu mwenye afya huingia akatoka mraibu.

Mlango wa tatu

Njia ya kutokea ipo, na sehemu yake imo ndani ya Katiba tayari. Kwanza, Ibara ya 103 inasema mbunge hupoteza kiti akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika na bila maelezo ya kuridhisha. Ibara ya 194 inasema karibu hayo hayo kwa mwakilishi wadi. Isome kinyume: akiwa na ruhusa ya maandishi, kiti chake kiko salama. Mbunge anayehitaji siku 90 za matibabu katika kituo cha urekebishaji anaweza kwenda na kurudi bila kubadilisha hata neno moja la Katiba. Kilichobaki ni mabunge yetu, la Nairobi na la Kisumu, kuandika katika kanuni zao kwamba matibabu ya uraibu ni sababu ya kuridhisha, na kwamba barua ya daktari itahifadhiwa kwa siri.

Pili, anayerudi arudi chini ya uangalizi wa daktari asiye na chama, asiyeteuliwa na gavana wala na mpinzani wa gavana. Akiteleza na kusema, atibiwe tena. Akiteleza na kudanganya huku akitia saini hundi za umma, hapo ule mlango wa mwenendo utumike bila huruma. Ugonjwa haufuti kosa: aliyemgonga mtu kwa gari akiwa amelewa ana kesi, na anayepona kweli ndiye wa kwanza kukubali hivyo.

Tatu, sehemu ya ada za leseni za baa itengwe kwa vitanda vya matibabu katika kaunti inayozikusanya, ili njia ya Milimani ya kupona ifike Obunga pia. Huwezi kuwataka watu wawasamehe viongozi kwa ugonjwa ambao watoto wao wanafungiwa rumande kwa ajili yake.

Nne, anayepona naye awe mkweli kwa nafsi yake. Mwaka wa kwanza bila pombe si mwaka wa kampeni. Kiti cha umma si dawa, na kaunti si kituo cha urekebishaji. Mtu akisubiri hadi miguu yake ikaze, anajiheshimu na anatuheshimu.

Agosti 2027 tutapiga kura tena. Wagombea watapanda magari yenye vipaza sauti, na mmoja wao atasema mwenzake ni mlevi, na umati utacheka. Siku hiyo ningependa mtu mmoja anyanyue mkono aulize swali jingine, na alielekeze kwa wote wawili, mnywaji na asiyekunywa, kwa sababu fedha na sifa pia hulevya. Asiulize: uliwahi kulewa? Aulize: nani ana ruhusa ya kukuambia umekosea, na mara ya mwisho alikuambia lini?

Kikao kilipokwisha nilitembea na yule mzee hadi langoni. Nilimuuliza humpigia nani saa tatu. Akasema ni mwenzake aliyeacha pombe kabla yake, fundi wa mashua upande wa Dunga. "Ananiuliza swali moja tu, kama niko sawa. Nikiwa sawa ninasema ndiyo. Nisipokuwa sawa ninasema hapana, naye anachukua boda anakuja." Nikamuuliza kama angeendelea kumpigia akichaguliwa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama angeendelea kula.

"Hiyo ndiyo manifesto yangu," akasema, akafunga koti, akateremka kilima kuelekea mjini.